Wanafunzi Wetu Waonyeshwe Anga

Mwanafunzi wetu hukariri majina ya sayari pasipo kuinua macho kuzitazama. Nashikilia kwamba elimu ya namna hiyo ni nusu. Mnamo Januari 1610, Galileo Galilei alielekeza darubini yake, iliyokuza vitu mara 20 hivi, kwenye Mshtarii, akaona miezi minne ikiizunguka sayari hiyo. Dai la kale kwamba kila kilichomo angani huizunguka dunia likatikisika. Miezi hiyo huonekana hata kwa darubini ya mkononi, kama zile watumiazo watalii mbugani. Shule za bweni mashambani zina giza ambalo Nairobi imelikosa, nayo ikweta hutujalia nyota za kaskazini na za kusini. Walimu, watoeni wanafunzi nje japo usiku mmoja. Wahenga walinena, kusikia si kuona.