Simu ni ya muganga, lakini siri ni ya mgonjwa

Kila wiki, kituo cha afya kinapaswa kutuma kwa ofisi ya zone ya afya hesabu ya wagonjwa wa surua, kolera, mpox na magonjwa mengine yanayofuatiliwa. Huku kwetu Kasongo na Kabambare, barabara munaijua. Ukingojea karatasi ifike kwa pikipiki, ugonjwa utakuwa umetangulia. Basi muganga anachukua simu yake mwenyewe, anapiga picha ukurasa wa rejista, anatuma kwa WhatsApp. Inite analipa mwenyewe, na kuchaji pia.

Hatusemi ni mutu mubaya. Bila simu kama hizo, Kindu ingechelewa kujua mengi. Shida inaanza kiisha picha kutumwa.

Ile picha inabaki ndani ya simu. Hata akifuta ujumbe, iko bado kati ya picha zake, na mara nyingi simu ya aliyepokea nayo imeihifadhi yenyewe. Jioni watoto wanachezea simu hiyo. Kesho inaachwa kwa mwenye kuchaji sokoni. Siku pesa ya masomo inakosekana, inauzwa. Na ukurasa wa rejista una jina, miaka, kijiji na ugonjwa. Mahali watu wote wanajuana, jina moja la mama anayekunywa dawa za ukimwi linatosha kuvunja nyumba.

Sheria haijali simu ni ya nani. Kipengele cha 73 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayetoa siri aliyopata kwa sababu ya kazi yake. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, nchi ina pia kanuni ya mambo ya numeriki, inayolinda habari za watu binafsi.

Jambo lingine: muganga akihamishwa, anaenda na namba yake. Anayemfuata anakuta rejista tu. Ujumbe wote wa zone umeenda na mwenzake.

Mwezi wa pili 2023, Komisheni ya Umoja wa Ulaya iliambia wafanyakazi wake waondoe TikTok kwenye simu za kazi, hata kwenye simu zao binafsi zenye programu za kazi. Maana yake, ukiingiza kazi ya Leta ndani ya simu yako, Leta inapata neno la kusema juu yake. Sawa. Lakini kwetu, anayetaka kuweka masharti aanze kwa kulipa inite.

Kuna ya kufanya bila kungojea Kinshasa. Hesabu ya wiki haiombi majina: SMS yenye namba tupu inatosha, picha ya rejista ya nini? Fishi ya mgonjwa ikihitajika, itumwe kwa mutu mmoja anayehusika, si kwa kundi, halafu ifutwe pande zote mbili. Simu iwe na kode. Na kituo kiwe na SIM yake, inayobaki pale muganga akiondoka.

Nawe mgonjwa, ukiona simu inainuliwa juu ya fishi yako, una haki ya kuuliza: hii picha inaenda kwa nani?