Kutoka mugodi kuja mupaka: je, umebadilisha kazi kweli?

Mutu mwenye anafika Kasumbalesa asubui, kilometa karibu 90 kutoka Lubumbashi, anaona kwanza makamyo. Yako mu mustari, moja nyuma ya ingine, na katode za shaba na mifuko ya kobalti, yanangojea karatasi za duane ili yaingie Zambia. Kandokando ya barabara kuko wenye kubadilisha feza, wenye kutengeneza karatasi za mizigo, wenye kupakua, na bamama wenye kuuzisha bunga na mikate. Mu hao kuko wenye walitumika zamani mu mugodi. Na mu nyumba za wenye wangali wanatumika kule, ulizo ni moja kila mara mushahara unachelewa ao kontra inakaribia kuisha: tubakie, ao tutoke, tuende kutafuta ku mupaka?

Sisi hatuko hapa juu ya kumwambia mutu « acha » ao « bakia ». Kila nyumba inajua chungu yake. Lakini Katanga yetu ilikwisha kupita mu hii njia, watu maelfu kwa mara moja, na ile yenye iliwapata inaweza kutusaidia leo.

Ile ya 2003

Gécamines ilizaliwa kisha serikali kuchukua Union Minière, mu mwanzo wa 1967. Bapapa wetu walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama: ilitoa nyumba, posho ya bunga, hospitali, masomo ya watoto. Mu 1986 ilitoa tani karibu 476 000 za shaba. Kisha, mu Septemba 1990, mugodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaanguka. Mashini zikachakaa bila kubadilishwa, inchi ikaingia mu fujo, na shaba ikapunguka mwaka kwa mwaka. Mu 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitosha kitabu juu ya hii maisha. Jina lake linasema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema watoto wenye baba yao amewaacha.

Wakati ule wafanyakazi walikuwa wanamaliza miezi na miezi bila mushahara. Njo vile mu 2003 na 2004 kukafanywa yenye watu wanaita mpaka leo « départ volontaire ». Banki ya Dunia ilitoa feza, na wafanyakazi 10 655 wakatoka. Jina lilisema kila mutu amechagua mwenyewe. Lakini mutu mwenye hajalipwa miezi mingi vile, mwenye watoto wake wanarudishwa nyumbani juu ya minerval, anachagua nini? Walipewa feza mara moja, na ilikuwa chini ya ile yenye walihesabu kwamba kampuni iko na deni yao. Malalamiko yaliendelea miaka mingi. Mu 2009 yalifika hata kwa kamati ya Banki ya Dunia yenye kuchunguza malalamiko.

Feza ile ilienda wapi? Ilienda mu madeni, mu masomo, mu ugonjwa, mu paa ya nyumba. Wengine walifungua duka, wengine walinunua mashini ya kusaga mahindi. Lakini mutu mwenye alitumika ku mashini za kampuni miaka 25 alijikuta muchuuzi kwa siku moja. Hakujifunza ile kazi. Jirani yake naye alikuwa amefungua duka ya namna ileile, na wateja wao wote walikuwa watu wenye hawana mushahara.

Mu nyumba mingi, mwenye alishikilia chungu ni mama. Juu ya nini yeye? Juu hakungojea feza ya kutoka. Tangu mushahara ulipoanza kuchelewa, yeye alikwisha kuanza kuuzisha ku soko, kidogo kidogo: leo anapata, kesho anapoteza, kesho kutwa anajua bei. Siku kazi ya bwana iliisha, kazi ya bibi ilikuwa imekwisha kujua kutembea. Somo la 2003, kwetu sisi, njo hilo: kazi ya pili inaanza wakati ya kwanza ingali inalisha.

Mupaka nao unakula shaba

Sasa turudi Kasumbalesa. Mutu anasema: « Nimechoka na mugodi, naenda mupaka, ni kazi ingine. » Tuangalie vizuri.

Mu mwisho wa 2008 bei ya shaba ilianguka ku dunia. Kampuni mingi za Katanga zilifunga milango na kufukuza wafanyakazi. Mu Agosti 2024 Zambia ilifunga mupaka wake na sisi siku kidogo, juu ya mabishano ya biashara, na bashofere wakabakia barabarani. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kobalti yote kutoka inchi, kwanza kwa miezi 4, kisha ikaongeza. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kobalti inatoka kwa kipimo: tani 96 600 kwa mwaka mu 2026 na mu 2027.

Mufuko wa kobalti wenye haukutoka ni kamyo yenye haikupita. Kamyo yenye haikupita, hakuna mutu wa kutengeneza karatasi yake, na shofere wake hanunue bukari kwa mama wa kando ya barabara. Kwa hiyo, kama unaacha mugodi juu mwili umechoka, ao juu unataka kulala na watoto wako, mupaka unaweza kukusaidia. Lakini kama unaacha juu unaogopa bei ya shaba, ujue shaba itakufuata mpaka Kasumbalesa.

Kazi zenye hazifuate sana bei ya shaba ni zile zenye watu wanahitaji kila siku. Bunga ni mufano. Lubumbashi inakula mahindi mingi ya Zambia, na mu 2024, wakati jua lilikausha mashamba kule, sisi njo tulisikia mu mifuko yetu. Tena kuko ufundi wenye unatoka na wewe ku mulango wa kampuni: umeme, soudure, mekaniki, pompi za maji. Mwenye anajua kazi kwa mikono lakini hana karatasi anaweza kuuliza ku INPP ya Lubumbashi, masomo gani yako na ni bei gani.

Mbele ya kuandika barua

Kwa mwenye kuwa na kontra isiyo na mwisho, sheria ya kazi ya 2002 inaomba « préavis ». Kampuni ikikutosha, inafaa ikupe siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka muzima. Ukitoka wewe mwenyewe, ni nusu. Kwa mufano, mutu wa miaka 10: kampuni ingemupa siku 84, yeye atatoa 42. Ukitoka kwa hasira bila hizo siku, unaweza kuombwa kuzilipa. Uliza tena karatasi ya kuonyesha miaka yenye umetumika, na uangalie kama CNSS imeandika cotisation zako kweli. Fanya hivyo ungali ndani, juu ukiwa inje kila mulango unakuwa muzito.

Kwa bacreuseurs, hakuna préavis na mara mingi hakuna CNSS. Hata ndani ya kazi yenyewe sheria ya migodi ya 2018 inaomba karte na kooperative. Lakini muko na kalenda: mvua inaingia kuelekea mwezi wa 11, mashimo yanakuwa hatari ya kuanguka, na njo wakati wa kupanda mahindi. Mwenye analima musimu mumoja anajua mbele ya mwaka mwingine kama shamba linamufaa, bila kuapa kuacha shimo.

Na kwa wote: feza ya kwanza ya kazi mupya mara mingi inachelewa. Hesabuni pamoja, bwana na bibi, bunga, nyumba na minerval za miezi 6. Kama hesabu haifike, haiseme « usitoke ». Inasema « bado ». Tumia konje yako ya mwaka kujaribu ile kazi, hata wiki mbili, ukae kando ya mwenye anaifanya, uone siku yenye hakuna muteja. Wale 10 655 hawakupewa hiyo nafasi ya kujaribu. Mwenye ingali naye, aitumie.