Neutrofili na wavu wake: namba isiyosomwa kwenye karatasi ya damu

Saratani ya damu inajulikana Butiama, kijijini kwa Mwalimu Nyerere, kwa sababu ndiyo iliyomchukua huko London, tarehe 14 Oktoba 1999. Ugonjwa ule unaishi ndani ya damu yenyewe, na hadubini huuona. Saratani ya tumbo haiko hivyo. Hujificha kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo, na hakuna tone la damu, liwe la Musoma au la Tokyo, linaloweza kuithibitisha. Uthibitisho ni endoskopi na kipande cha nyama kinachopelekwa maabara. Anayeuza kipimo cha damu cha "kansa zote" anakula pesa za wagonjwa bure.

Damu ina kazi nyingine. Ugonjwa ukishathibitishwa, damu hueleza mwili unapambana nao vipi, na maelezo hayo yamo kwenye kipimo cha kawaida kabisa, FBP, picha kamili ya damu. Sisi tunauliza "damu ngapi?", tunatajiwa hemoglobini, tunakunja karatasi. Chini yake kuna aina mbili za chembe nyeupe: neutrofili na limfosaiti. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwa mtu mzima mwenye afya, jibu mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Tafiti nyingi za Japani, China na Korea zimeonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya tumbo wenye uwiano mkubwa kabla ya upasuaji kwa kawaida huishi muda mfupi zaidi.

Sababu mojawapo inastaajabisha. Uboho hutengeneza neutrofili zipatazo bilioni 100 kwa siku, za kupambana na bakteria. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walieleza jinsi chembe hiyo inavyoweza kupasuka na kurusha nje DNA yake, imepakwa vimeng'enya vikali, ikawa wavu wa kunasia vijidudu. Mvuvi wa Mwigobero, Musoma, anajua kwamba wavu wa dagaa hunasa na visivyokusudiwa. Wavu huu nao hunasa seli za saratani zinazozurura kwenye mishipa, ila hauziui. Unazishikiza, tuseme kwenye ini, na zikishatulia hapo zinaanza kuota. Uvimbe wenyewe hutuma kemikali kuuhimiza uboho utoe neutrofili zaidi, huku limfosaiti, ambazo baadhi yake ndizo zenye uwezo wa kuua seli za saratani, zikipungua.

Hata hivyo, viwango vya Asia havifai kubebwa vilevile hadi mkoani Mara. Wengi wetu Waafrika tumerithi hali ya kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Hali hiyo hutukinga na malaria ya vivax, lakini pia hufanya neutrofili zinazozunguka kwenye damu ziwe chache bila ugonjwa wowote. Malaria ya kawaida nayo, ikipanda, hushusha limfosaiti kwa siku kadhaa. Kwa hiyo uwiano wa 2.5 wa mtu wa Osaka na ule wa mtu wa Bunda si kitu kimoja. Tunahitaji kiwango chetu, na kitatoka kwenye kumbukumbu zetu wenyewe. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa za wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo. Asilimia 92 walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Katika kanda yenye wagonjwa wa namna hiyo, kuacha karatasi za FBP zioze kwenye mafaili bila kuhesabiwa ni upotevu usiovumilika. Na mtu kumeza dawa za vidonda vya tumbo miaka na miaka, huku anapungua uzito, bila kupelekwa endoskopi, ni uzembe.

Vipimo vingine vya damu vinavyosaidia kutabiri mwenendo wa ugonjwa ni albumini, ambayo hushuka lishe ikidhoofu; chembe sahani zikigawanywa kwa limfosaiti; CRP, inayopima uchochezi mwilini; CEA, alama ya uvimbe ya kufuatilia baada ya upasuaji; na CA 19-9, alama nyingine ya uvimbe, ingawa wasio na alama za Lewis kwenye damu, ambao ni wengi zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu, hawaitengenezi hata uvimbe ukiwa mkubwa.