Jua la kutengenezwa na kiungo cha metali mbili

Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, mataifa kadhaa yanajenga ITER, mtambo wa kuunganisha viini vya atomi kama lifanyavyo jua. Joto ndani yake linatarajiwa kufika nyuzi milioni 150. Wengi hushangazwa na hilo. Mimi nashangazwa zaidi na kazi ya fundi: vipi utaunganisha metali mbili zisizopatana?

Sumaku huuzuia moto huo usiguse kuta, lakini chini ya mtambo kuna sehemu iitwayo daiveta ambayo lazima ipokee joto. Jua letu la utosini hapa Mombasa humwaga kama kilowati 1 kwa kila mita mraba. Daiveta imeundwa kustahimili kilowati 10,000.

Uso wake ni wa tungsteni, metali ya ule uzi wa globu za zamani, inayoyeyuka kwa nyuzi 3,422. Ndani yake hupita bomba la maji la aloi ya shaba nyekundu, maana shaba hupitisha joto upesi. Kasheshe iko hapo. Chukua fito mbili za mita 1, zizidishie joto kwa nyuzi 100: tungsteni hurefuka chini ya nusu milimita, shaba karibu milimita 1.7. Ukizifunga pamoja, moja yavuta, nyengine yakataa, na ufa huanzia kiungoni. Kuziyeyusha pamoja nako hakufai, kwani hazichanganyiki.

Dawa yao ni nzuri, nami naipenda. Tungsteni hukatwa vipande vidogo vyenye tundu, na tundu hilo huvishwa utando wa shaba safi, laini, wa kama milimita 1. Ulaini wake hubeba ule mvutano. Kisha vipande hutungwa kwenye bomba kama mishikaki na kushikanishwa kwa lehemu, au kwa kuminywa na gesi ndani ya tanuri.

Halafu kila kiungo hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Pengo dogo likijificha, joto halifiki kwenye maji, kipande huungua, na bomba likipasuka maji humwagika ndani ya mtambo na kazi husimama. Vielelezo vimepashwa na kupozwa mara 5,000 vikahimili.

Lakini hivyo vilikuwa vipya. Ndani ya mtambo wa umeme, nyutroni zitavipiga kwa miaka na kuifanya tungsteni izidi kuvunjika upesi. Anayeniahidi umeme huo karibuni, swali langu la kwanza ni hilo.