Mkaguzi wa Polisi wa kata yako ana kazi gani barabarani?

Wasikilizaji wetu wa Kibosho mnajua: trafiki mara nyingi wako chini, kwenye lami ya Moshi. Huku migombani, bodaboda hujiendea. Anayepaswa kuwa karibu nanyi ni Mkaguzi wa Polisi Kata, ofisa aliyepangiwa kata yenu asikilize na kuelimisha kabla kosa halijatendeka. Kazi yake ni kwenye mikutano ya kijiji, shuleni na vijiweni.

Vijiweni somo la kwanza liwe mteremko. Baadhi ya vijana huzima injini wakishuka mjini, eti kuokoa mafuta. Injini ikiwa kwenye gia husaidia kupunguza mwendo. Ukiizima na kuachia gia, mzigo wote unabaki kwa breki, nazo zikipata moto hazishiki vizuri. Hapo weka mshikaki wa abiria wawili na ukungu wa Julai! Na kofia ngumu ni ya kichwani, si ya kuning'iniza kwenye usukani.

Desemba ndugu wanapanda nyumbani kwa Krismasi, magari yanaongezeka. Kama kijiwe chenu hakijamwona mkaguzi, mwambieni mtendaji wa kata amwalike mapema. Ajali ikitokea, piga 112.