AFYA YETU: Kompyuta ya mwanafunzi na shingo yake

Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia kompyuta. Sisi wauguzi tumelazimika. Wakati wa likizo tunawapokea vijana wa vyuo wanaolalamika kichwa kuuma, macho kuwasha na shingo kukakamaa. Wakipimwa, malaria hawana. Tukiwauliza wanasomea wapi, mara nyingi jibu ni lile lile: kitandani, kwenye simu.

Huku kwetu Masasi na Newala kompyuta ya mtoto hununuliwa kwa korosho. Minada huanza mwezi Oktoba, na vyuo vikuu vingi hufunguliwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo mzazi hununua kwa haraka, pengine kwa mkopo. Akikosea, husubiri msimu mwingine.

Tunamkumbuka mzazi mmoja wa Newala aliyemnunulia binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, kompyuta ya mezani, seti nzima. Ilikuwa kubwa na nzuri. Lakini bwenini palikuwa na tundu moja la umeme kwa vitanda vinne, na kila umeme ulipokatika kazi ambayo hajaihifadhi ilipotea. Binti alirudia simu yake, na maumivu ya shingo yakaanza. Ile seti ipo sebuleni kwa wazazi, imefunikwa kitambaa cha kudarizi.

Hata hivyo baba yule hakukosea kwa upande wa mwili. Kompyuta ya mezani ndiyo inayoitunza shingo vizuri zaidi, kwa sababu kioo kiko mbali na kibodi. Kioo hukaa usawa wa macho na mikono hubaki chini. Kompyuta mpakato, ile ya kukunja, ina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeshikana. Ukiiweka chini unainamisha shingo. Ukiiinua, mabega yanapanda. Lakini ina betri, inabebeka, na hutumia umeme kidogo kuliko ya mezani. Kwa mwanafunzi wa bwenini ndiyo tunayoishauri, kwa sharti moja: bakizeni fedha za kibodi ya pembeni na kipanya. Si vitu ghali. Anapokuwa na kazi ndefu, aiweke mpakato juu ya vitabu vinene mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa mkono mmoja, kisha aandike kwa kibodi ya pembeni.

Simu na kishikwambi vinafaa kusomea kurasa chache. Kuandika ripoti ya mafunzo ya wodini kwenye simu ni kujitesa; herufi ni ndogo, kijana huisogeza karibu na uso na kuinama saa nzima.

Msichague kioo kikubwa kwa ajili ya sifa. Inchi 14 zinatosha, na kompyuta nyingi za ukubwa huo zina uzito wa kilo 1.5 hivi. Zile kubwa za michezo hufika kilo 2.5 na chaja zake ni nzito kama tofali. Ibebwe kwenye begi la mabega yote mawili.

Wengi hununua iliyotumika, na si vibaya. Kijana wa takwimu hapa hospitalini ametuelekeza mambo haya. Iwasheni dukani bila chaja na kuiacha ikifanya kazi nusu saa. Betri iliyochoka itajionyesha. Mgongo wake ukiwa umevimba, iacheni, betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Ulizeni kama ina hifadhi ya SSD, ambayo haina kisahani kinachozunguka, hivyo hustahimili mtikisiko wa bodaboda. Kumbukumbu iwe GB 8. Tena Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka chipu ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Muuzaji akisema tu “ni i5”, hajajibu. Mwulizeni ni kizazi cha ngapi.

Jambo la mwisho ni chandarua. Wanafunzi huingia na kompyuta ndani ya chandarua ili kukwepa mbu, na hatuwalaumu. Lakini godoro huziba matundu ya hewa, mashine hupata joto kali, na mtu aliyelalia tumbo huikunja shingo kinyume. Wengine huipakata mapajani, hasa Juni na Julai kukiwa na baridi huko juu Newala. Wakizoea hivyo kwa muda mrefu ngozi hupata madoa ya kahawia kama wavu, yale tunayoyaona kwenye miguu ya bibi wanaoota moto kila siku. Afadhali kijana akae mezani, avae mikono mirefu na soksi, ajipake dawa ya kufukuza mbu. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 mbele yake kwa sekunde 20, na apepese macho, maana mbele ya kioo tunasahau kupepesa. Wakati wa kulala kompyuta itoke kitandani, wala isichajiwe juu ya godoro.