Farasi Aliyestaafu Mbio Huhitaji Uangalizi Zaidi, Si Pungufu

NAIROBI – Farasi wa mashindano huanza kukimbia akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, na wengi huondolewa uwanjani kabla ya kutimiza miaka minane. Farasi anayetunzwa vyema anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Hivyo, siku anapouzwa, sehemu kubwa ya maisha yake bado iko mbele, na jukumu la afya yake humwangukia mmiliki ambaye huenda hajawahi kufuga mnyama wa aina hiyo.

Nchini Kenya, mbio hufanyika katika Uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wanaostaafu huchukuliwa na shule za upandaji, wachezaji wa polo na wafugaji binafsi. Mnunuzi humwona mnyama mwenye misuli iliyokaza na ngozi inayong'aa, akaamini amepata mzima. Mwonekano huo, hata hivyo, hausemi lolote kuhusu miguu.

Chini ya goti la mguu wa mbele farasi hana misuli. Uzito wake, ambao kwa kawaida ni kilo 450 hadi 550, hubebwa na mifupa na kano. Kano ya nyuma ya mguu huo ndiyo huumia zaidi kwa mbio. Nyuzi zake zinapochanika, mahali pake huota kovu lisilonyumbuka kama zamani, na kupona huchukua miezi tisa hadi 12, wakati mwingine zaidi. Tatizo ni kwamba uvimbe na joto hutoweka baada ya wiki chache tu. Mmiliki akiona farasi hachechemei, humrudisha kazini, na kano huchanika tena, safari hii vibaya zaidi.

Saisi mzoefu hupitisha kiganja kwenye miguu yote kila asubuhi na kulinganisha wa kulia na wa kushoto. Mguu wenye joto au uvimbe kuliko mwenzake ni sababu tosha ya kumwita daktari. Dalili nyingine huonekana farasi anapotembezwa mchakamchaka kwenye ardhi ngumu: akiumwa mguu wa mbele, huinua kichwa kila mguu huo unapokanyaga. Dawa ya maumivu iliyotolewa kabla ya ukaguzi huficha dalili hii, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuliulizia waziwazi.

Kwato nazo huhitaji subira. Farasi wa mbio huvishwa viatu vyepesi vya alumini, na wengi wao huwa na ukuta mwembamba wa ukwato na visigino vilivyolala. Ukwato hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kasoro ya leo itachukua karibu mwaka mzima kuisha. Fundi wa kwato anapaswa kumhudumia kila baada ya wiki nne hadi sita. Kumvua viatu ghafla na kumwachilia kwenye malisho yenye mawe ni kumtia jeraha bila sababu.

Vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa farasi waliokuwa wakilishwa nafaka nyingi na kukaa zizini muda mrefu. Nafaka ipunguzwe polepole kwa muda wa wiki mbili, na nyasi kavu ziongezwe hadi kilo 7.5 hadi 10 kwa siku kwa farasi wa kilo 500. Mabadiliko ya ghafla huweza kusababisha msokoto wa tumbo, unaoweza kuua kwa saa chache. Farasi anayejipiga teke tumboni, anayegaagaa au asiyetoa kinyesi asisubirishwe hadi kesho.

Hatari kubwa kuliko zote katika Afrika Mashariki ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake, vyenye aina tisa, huenezwa na visubi, na punda milia huvibeba bila kuonyesha dalili. Farasi asiye na kinga anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kupumua kwa shida na kutoa povu puani. Hakuna tiba mahususi. Uwanjani chanjo ya kila mwaka hufuatiliwa na mkufunzi. Baada ya kuuzwa, ratiba hiyo husahaulika kwa urahisi, na farasi hufa kwa ugonjwa ambao ungezuilika. Kwa kuwa visubi huuma kuanzia machweo hadi mapambazuko, farasi aingizwe zizini kabla ya jua kuzama, hasa msimu wa mvua.

Wanaokusudia kununua wanashauriwa kudai kumbukumbu za chanjo na matibabu, na kumtumia daktari wa mifugo aliyesajiliwa, asiye wa muuzaji. Wapo farasi ambao daktari atasema wasipandwe tena kamwe. Hao wanaweza kuishi malishoni kwa raha, mradi kwato, meno na chanjo vifuatiliwe kama ilivyokuwa walipokuwa wakishinda vikombe.